Mota Ikae Wapi? Kugeuza Gari la Mafuta Kuwa la Umeme

Mhadhara kwa mafundi, madereva na wanafunzi wa ufundi magari



Tangu habari za magari ya umeme zianze kuenea, swali ninaloulizwa zaidi na mafundi si bei ya betri. Ni hili: kwa nini tusing'oe injini, giaboksi, difu na shafti zote, tukaweka mota ndani ya magurudumu yenyewe, kazi ikaisha? Ni swali zuri, na watu wenye akili nyingi wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 120. Nitalijibu kwanza, sababu zifuate, maana sipendi kumweka mtu mpaka mwisho wa mhadhara akisubiri jibu. Kwa gari kuukuu la abiria linalogeuzwa katika gereji zetu, litakalotembea kwenye barabara zetu, mota ikae pale ilipokuwa injini. Mota ya gurudumu ina mahali pake, na nitapataja, lakini si hapo.

Tuanze na mvuto wake, kwa haki. Ukitoa injini na kila kinachopeleka nguvu yake magurudumuni, unabaki na nafasi kubwa ya kuweka betri. Hakuna difu ya kubadilisha oili, hakuna shafti ya kulia kwenye kona. Kila gurudumu linapewa amri yake, kwa hiyo la kushoto likiteleza kwenye tope, la kulia linaendelea kuvuta. Hata kazi ya difu inapatikana bure: mota mbili zikipewa nguvu sawa ya kuzungusha, kila moja hujitafutia mwendo wake kwenye kona, ya nje ikienda kasi kuliko ya ndani, bila programu yoyote ya ajabu. Hizi ni faida za kweli na sizipunguzi.

Ndizo zilizomvuta Ferdinand Porsche. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya dunia jijini Paris, kampuni ya Lohner ya Vienna, iliyokuwa na jina kwa kutengeneza magari ya kuvutwa na farasi, ilionyesha gari la umeme lililobuniwa na kijana huyo wa miaka 24. Mota mbili zilikuwa ndani ya magurudumu ya mbele. Hapakuwa na giaboksi wala mnyororo. Betri yake ya risasi ilikuwa na uzito wa kilo 410. Mteja mmoja wa Uingereza, E. W. Hart, akaagiza gari lenye mota katika magurudumu yote manne, na betri ya gari hilo pekee ikafika kilo 1,800. Porsche hakuchelewa kuona shida iko wapi. Akatengeneza gari jingine lenye injini ya petroli ya kuzalisha umeme wa kulisha mota zilezile za magurudumu, na hapo tayari mwanzoni kabisa mwa karne iliyopita dunia ikawa na gari la mseto.

Mfano wa pili unapendwa sana na vijana. Gari ambalo wanaanga wa Marekani waliliendesha mwezini katika safari za Apollo 15, 16 na 17, mwaka 1971 na 1972, lilikuwa na mota katika kila gurudumu. Watu wakisikia hivyo hudhani mjadala umekwisha. Lakini tazama vizuri kilichokuwa ndani ya gurudumu lile. Mota yenyewe ilikuwa ndogo, robo tu ya nguvu-farasi, na kati yake na gurudumu kulikuwa na gia ya kupunguza mwendo: mota izunguke mara 80, gurudumu lizunguke mara moja. Gari zima lilikuwa na kilo 210 likipimwa duniani, na mwezini kila kitu huwa na uzito wa sehemu moja ya sita. Lilitembea mwendo wa mtu anayekimbia. Yale malori makubwa ya migodini, yanayobeba mamia ya tani kwa injini ya dizeli inayozalisha umeme, nayo yana mota kwenye magurudumu ya nyuma, na humo pia mna gia nzito kati ya mota na rimu. Wote hawa waliofanikiwa walikuwa na mambo mawili: mwendo mdogo na gia. Sasa tuone kwa nini gia.

Naomba mchukue kalamu. Chukua gari la tani moja na nusu likiwa na abiria, kama yale yanayojaa katika stendi zetu. Lipeleke kwenye mlima wa changarawe unaopanda mita 1 kwa kila mita 5 za barabara. Ili lisirudi nyuma na lipande polepole, linahitaji msukumo wa takriban newtoni 3,200 pale tairi inapogusa ardhi. Tairi yetu ina kimo cha sentimita 30 kutoka katikati hadi chini. Zidisha, unapata nguvu ya kuzungusha, ile toki, ya newtonimita 960. Hiyo ndiyo kazi ya mlima, na mlima haujali umeweka mota wapi.

Injini ya petroli inaifanyaje? Kwa gia namba moja na difu, kila mizunguko 14 ya injini inatoa mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo injini inadaiwa newtonimita 69 tu. Mota ya Nissan Leaf ya mwanzo, ile ya kilowati 80, ina gia moja ya kupunguza karibu mara 8. Mlima uleule unaidai newtonimita 121, nayo ina uwezo wa 280. Inapanda bila kuhema. Lakini ukiweka mota mbili ndani ya magurudumu, zishikane moja kwa moja na rimu bila gia, kila moja inadaiwa newtonimita 480 yenyewe, na si kwa sekunde mbili za kuondoka, bali kwa muda wote mlima unapodumu.

Toki katika mota hutokana na mkondo wa umeme unaopita kwenye koili, na joto huongezeka kwa mraba wa mkondo huo. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto linapanda mara nne. Mota isiyo na gia, kwenye mlima, inakwenda taratibu huku ikimeza mkondo mkubwa kuliko wakati wowote mwingine. Dereva akisimama katikati ya mlima na kulishikilia gari kwa pedali ya mwendo badala ya breki, mota haifanyi kazi yoyote inayoonekana. Umeme wote unaoingia unageuka joto. Joto hilo likizidi, insulesheni ya waya inaungua na sumaku zinapoteza nguvu zake, na sumaku iliyopoteza nguvu kwa joto hairudi ikipoa.

Wapo waliofaulu kutengeneza mota ya gurudumu isiyo na gia yenye nguvu inayotosha gari. Kampuni ya Protean ya Uingereza ilitengeneza moja yenye uzito wa kilo zipatazo 36, inayotoa kwa kilele takriban newtonimita 1,250, na inveta yake iko humohumo ndani. Elaphe ya Slovenia nayo imefanya kazi ya kuheshimika. Lakini mota hizo zinapozwa kwa maji yanayozungushwa kwa pampu, na zimetengenezwa kwa vipimo vya chini ya milimita. Pikapu ya umeme ya Lordstown huko Ohio, iliyotumia teknolojia ya Elaphe katika magurudumu yote manne, ilianza kutengenezwa mwaka 2022, na mwaka uliofuata kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Sisemi ilifilisika kwa sababu ya mota. Nasema fundi wa gereji za Gerezani au Kariobangi asidhani kwamba anaweza kununua mota ya pikipiki mtandaoni akafika walikofika hawa.

Nimeleta mota hiyo ya pikipiki, ipo hapa mezani, nimeifungua. Wa nyuma mtasogea baadaye muione. Hili gamba la nje ndilo linalozunguka pamoja na rimu. Ndani yake mnaona vipande vyembamba vya sumaku vimegundishwa duara zima, kimoja baada ya kingine. Sumaku hizi zina neodimiamu, madini ambayo tunayo kwenye kilima cha Ngualla mkoani Songwe, na ninatamani sana tusije tukayafahamu tu pale yanaporudi kwetu ndani ya mota zilizotengenezwa kwingine. Katikati ndipo penye koili za shaba, na hizi hazizunguki. Ekseli ina tundu. Humo zinatoka waya tatu nene za umeme mkubwa na nyingine tano nyembamba za vihisio vinavyojua sumaku imefika wapi. Tazameni hapa pembeni mwa beringi: kutu. Maji yalipita kwenye sili hii, mota ikaanza kukwaruza.

Sasa tazameni nafasi kati ya sumaku na koili. Ukipitisha kadi ya simu inabana. Nafasi hiyo lazima ibaki hivyohivyo duara zima, wakati wote, hata gurudumu likigonga shimo. Kwenye pikipiki inabaki, kwa sababu ekseli imeshikwa pande zote mbili na mikono ya fremu, na pikipiki ikiingia kwenye kona inalala, hivyo mzigo unaendelea kushuka wima kupitia gurudumu. Gari halilali. Gurudumu la gari limeshikwa upande mmoja tu, na kwenye kona barabara inalisukuma kwa ubavu kwa nguvu kubwa. Mzigo huo unataka kupinda ekseli. Ikipinda kidogo tu, sumaku inagusa koili. Ndiyo maana mota hii, hata kama zingefungwa nne na toki ikatosha, haifai kubeba gari. Anayetaka kufunga mota ya gurudumu kwenye gari lazima aache beringi za gari zibebe mzigo wote, na mota izunguke juu yake bila kubeba chochote. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia mtu akinionyesha picha ya kazi yake.

Nije kwenye uzito. Katika gari kuna uzito unaobebwa na springi, yaani bodi, watu na betri, na kuna usiobebwa: tairi, rimu, habu, breki. Mchukuzi wa bandarini anaweza kutembea na gunia begani siku nzima, lakini mfunge mawe miguuni yenye robo ya uzito huo uone atafika wapi. Gurudumu la gari dogo pamoja na breki yake ni kama kilo 40. Ongeza mota ya kilo 30 ifike 70. Kwa ugumu wa kawaida wa tairi, hesabu inaonyesha kwamba gurudumu la kilo 40 likirushwa hudunda kama mara 12 kwa sekunde, na la kilo 70 mara 9. Kwa hiyo kwenye barabara ya changarawe yenye vijituta vya mfululizo, lile tetemeko linalomfanya dereva ashindwe kushika usukani linakuja ukiwa kwenye mwendo mdogo zaidi, na shokapu ina kazi kubwa zaidi ya kulituliza. Tairi iliyo hewani haishiki barabara, haikati kona wala haifungi breki.

Lazima niseme upande wa pili. Mwaka 2010 wahandisi wa Lotus wakishirikiana na Protean walichapisha matokeo ya majaribio: walichukua Ford Focus wakaongeza kilo 30 kwenye kila gurudumu. Walikuta tofauti inapimika na dereva mzoefu anaihisi, lakini sehemu kubwa yake inarekebishika kwa kubadilisha shokapu na bushi. Nayaamini majaribio yale. Yalifanywa na watu wanaojua kazi yao, lakini kwenye lami ya Uingereza. Gari litakalopita njia ya changarawe kwa miaka mitano ni habari nyingine, na hata ukirekebisha shokapu, bado beringi, bolijointi na mikono ya sasipensheni zilichaguliwa kiwandani kwa kilo 40. Zitakwisha mapema.

Ukitaka kujua watengenezaji wakubwa waliamuaje, angalia Mitsubishi. Mwaka 2005 walijaribu mota za magurudumu kwenye gari la Colt, kisha kwenye Lancer Evolution, hili la pili likiwa na mota nne. Wahandisi walikuwa nao. Gari la umeme walilokuja kuliuza mwaka 2009, i-MiEV, lilikuwa na mota moja, imefungwa kwenye bodi upande wa nyuma, na shafti mbili kwenda magurudumuni.

Sasa breki. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko mahali pengine popote leo.

Mota ya gurudumu inakaa pale breki inapokaa. Anayeiingiza lazima breki aihamishe, aipunguze au aiondoe. Nimeona michoro ya vijana wenye vipaji ambao wameiondoa kabisa breki ya nyuma, wakisema mota itafunga yenyewe na kurudisha umeme betrini. Tufanye hesabu tena. Gari letu la tani moja na nusu, likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, mtoto akikatiza barabara mbele yako, linapaswa kusimama kwa chini ya sekunde 3. Nguvu inayotolewa na breki katika muda huo ni wastani wa kilowati 130, na mwanzoni ni mara mbili ya hiyo. Mota yote ya Leaf ni kilowati 80. Breki ya kawaida, diski ya chuma na pedi, inaifanya kazi hiyo kila siku bila kulalamika, na haihitaji betri iwe hai.

Halafu kuna mteremko. Umelala Lushoto, umechaji betri usiku kucha, asubuhi imejaa pomoni. Unashuka kwenda Mombo. Kutoka juu hadi chini ni kama mita 1,000, na gari letu lina nishati ya takriban uniti 4 za umeme ya kutupa njiani. Betri iliyojaa haipokei. Mfumo unaoilinda utaikatalia mota kurudisha umeme, na breki ya mota itatoweka ukiwa kwenye kona za Milima ya Usambara. Kama uliondoa breki za nyuma, umebaki na za mbele peke yake, nazo zitachemka. Dereva wa gari la mafuta kwenye mteremko ule anaweka gia namba mbili na injini inamshikia. Ukigeuza gari, umeuondoa msaada huo pia.

Na mota moja ikipata hitilafu je? Mota ya sumaku ikipata shoti kwenye koili inajifunga breki yenyewe. Ikiwa katikati ya gari, difu inagawa mvuto huo magurudumu yote mawili, gari linapunguza mwendo likiwa limenyooka. Ikiwa kwenye gurudumu la kushoto peke yake, gari linavutwa kushoto ghafla. Wenye viwanda wanalijua hili na wanaweka mifumo ya ulinzi ndani ya mota. Gereji haina.

Kuna njia moja ya mota za magurudumu kwenye gari kuukuu ambayo mimi naiheshimu. Profesa Charles Perry wa Chuo Kikuu cha Middle Tennessee State, Marekani, aliyewahi kuwa mhandisi wa IBM, yeye na wanafunzi wake walichukua Honda Accord ya mwaka 1994, gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele. Injini hawakuigusa. Waliingiza mota kwenye nafasi iliyopo kati ya breki ya nyuma na rimu, bila kuondoa breki wala beringi, betri wakaiweka nyuma. Mota zinasaidia injini mjini, kwenye mwendo mdogo na kusimama-simama, na zikifa gari linaendelea na petroli. Mzigo wa kupanda mlima haujaachwa mikononi mwa mota peke yake. Hiyo ni akili ya fundi: hakuondoa kitu kabla hajawa na kitu bora. Kama kuna mwanafunzi hapa anayetaka kufanya utafiti wa mota za magurudumu kwenye gari, aanzie hapo, na shida yake kubwa ya kutatua kwa mazingira yetu itakuwa maji na vumbi.

Mahali pengine pa mota za magurudumu ni basi la mjini lenye sakafu ya chini. Kampuni ya ZF ya Ujerumani inatengeneza ekseli ya nyuma yenye mota mbili kando ya magurudumu, kila moja na gia zake, ili difu isikae katikati na mama mwenye mtoto apande bila ngazi. Na kwetu, mahali pake ni kwenye baiskeli, pikipiki, guta na vyombo vya matairi matatu vinavyobeba mizigo sokoni. Mwendo ni mdogo, mzigo ni mwepesi, fremu inaweza kujengwa ikashika ekseli pande mbili. Hapo mota hii iliyoko mezani ni mali.

Kwa gari, basi, tunafanyaje? Tunafanya kama wanavyofanya wenzetu waliokwisha kuanza. Nairobi, kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kugeuza magari ya safari kuwa ya umeme. Arusha, Hanspaul, wanaojulikana kwa kutengeneza bodi za magari ya utalii, waliungana na Carwatt ya Ufaransa kwa kazi hiyohiyo. Mbugani gari la umeme lina faida ambayo hakuna hesabu ya mafuta inayoifikia: tembo hawashituki. Na katika Land Cruiser, mota ikikaa palipokuwa injini, kila kilichoko nyuma yake kinabaki na kazi yake, pamoja na gia ndogo ya kupandia milima na kutokea kwenye matope, ambayo imejaribiwa barabara hizi kwa miongo mingi.

Kwa gari dogo, Leaf iliyogongwa ni hazina. Ndani yake mna mota, inveta, gia, chaja na betri ambayo ikiwa mpya ilikuwa ya uniti 24, yenye uzito unaokaribia kilo 300. Betri hiyo ikishachakaa haina tena uniti 24, kwa hiyo pima kabla ya kulipa, na pima kila moduli, zote 48. Gari dogo linakula kama uniti 17 kwa kilomita 100. Ongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, sema 19. Kwa shilingi 356 kwa uniti, bei ambayo wengi wetu Tanzania tumekuwa tukilipa majumbani pamoja na kodi, ni kama shilingi 6,800. Gari hilohilo likila lita 8 za petroli kwa umbali huohuo, zidisheni wenyewe kwa bei ya petroli ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA.

Na msisahau kwamba injini haikuwa ikizungusha magurudumu tu. Ilikuwa ikivuta hewa kwa ajili ya busta ya breki, ikisukuma oili ya pawa stelingi, ikichaji betri ndogo ya volti 12, ikiendesha kiyoyozi. Siku unapoizima milele, vyote hivyo vinakufa, na dereva anakuta pedali ya breki imekuwa ngumu kama ukuta. Pampu ya umeme ya busta ifungwe kabla gari halijasukumwa nje ya gereji, sio baada.

Umeme wenyewe ni volti 350 na zaidi, na ni umeme wa betri, usiokatika ukizima swichi ya ukutani. Asifungue mtu kifuniko cha betri peke yake. Glavu ziwe za umeme, zilizopimwa hadi volti 1,000, si za bustani. Ukishachomoa plagi ya usalama, subiri dakika 10 kapasita za inveta zijimwage, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa, hata kama una uhakika.

Kadi ya gari ina namba ya injini na aina ya mafuta. Kabla ya kugeuza gari la mteja, nenda TRA, au NTSA kwa walio Kenya, ujue utaratibu wa kubadilisha taarifa hizo, na mwambie mteja azungumze na kampuni yake ya bima. Gari lililogeuzwa kimyakimya likipata ajali, fundi atatafutwa.

Nina ombi moja kwa mamlaka na kwa wakuu wa vyuo vya ufundi, na nalitoa kwa unyenyekevu. Magari haya yatageuzwa, tukitaka tusitake, maana vijana wana ujuzi na Leaf zilizogongwa zinapatikana. Basi lisisajiliwe hata moja kabla ya kupimwa breki: gari likiwa limejaa mzigo, umeme wa mota umezimwa kabisa, lisimame kwa breki za kawaida peke yake ndani ya umbali uleule lililokuwa likisimama kabla ya kuguswa. Kipimo hicho kinahitaji uwanja wa lami, mkanda wa kupimia na askari mmoja wa usalama barabarani wa kushuhudia. Tunaweza kukianza hata kesho.